Mito Laini Nukta Bado

Nchi hii haimo katika ramani, nami nawaomba msiitafute, kwa sababu mkiitafuta mtaipata.

Ilikuwa nchi yenye kila kitu: bendera, wimbo, bunge, na uwanja wa ndege uliozinduliwa mara nne. Kitu kimoja tu ilichokosa ni mkia. Mkia, kwa lugha ya watu wa kule, ni zile herufi chache zinazokaa mwisho wa jina la tovuti, baada ya nukta, zinazomwambia mtu wa mbali kwamba tovuti hii ni ya wapi na ya watu wa namna gani. Majirani wote walikuwa na mikia yao. Ikaonekana ni aibu kwa taifa huru kutembea mtandaoni limekatika nyuma kama mjusi.

Serikali ikaunda ujumbe. Ujumbe ukapanda ndege kwenda ng'ambo, kwenye ofisi inayogawa mikia ya dunia, ukakaa hotelini msimu mzima ukitafakari herufi. Jina kamili la nchi lilikuwa Bara la Amani, Demokrasia na Ongezeko. Ongezeko la nini, Katiba haikusema, na waliouliza waliongezewa kifungo. Wajumbe wakachukua herufi ya kwanza ya kila neno kubwa, wakaziwasilisha, wakapigwa picha, wakarudi na masanduku ya zawadi. Ni pale uwanjani, waziri alipolivuta pazia mbele ya bendi ya polisi, ndipo watu walipousoma mkia wao kwa mara ya kwanza:

.bado

Tarumbeta zikanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa nyuma akaangua kicheko, akasindikizwa kwenda kucheka kwingine.

Kuubadilisha kungekuwa kukiri kosa, na Serikali ile haikuwa imekosea tangu uhuru. Kwa hiyo mkia ukaanza kazi. Shirika la maji likawa maji.bado. Mahakama ikawa haki.bado. Tume ya uchaguzi ikajiandikisha kurahuru.bado, na mwaka ule waangalizi wa kimataifa wakaisifu kwa uwazi wake.

Wakubwa hawakupendezwa majina yao yafuatwe na neno lile. Wakanunua kimyakimya mkia wa pili, .tayari, kwa ajili ya "wananchi waliokwisha kufika". Mawaziri wakauvaa, na wake zao, na mifugo ya wake zao. Rais peke yake aliukataa. Alisema .tayari inasikika kama vile amemaliza.

*

Katika mji wa Milembwe aliishi mshonaji wa mito ya kulalia aliyeitwa Tunu Mshangama. Mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliyelipwa kupitia mishahara.bado, kwa hiyo nyumba iliendeshwa na mito.

Tunu hakuwa na mzaha na mto. Sufi aliinunua ikiwa bado imo ndani ya vitumba vyake, akaianika, akaichapa kwa fimbo, akaichambua mpaka isibaki mbegu hata moja ya kumchoma mtu sikio. Kisha akaishindilia kwa mkono, si kwa mti, kwa sababu mti hauna huruma. Aliyemsaidia ni wifi yake, Bihawa, dada wa mumewe, mwanamke mnene mwenye ulimi mwembamba. Bihawa ndiye aliyejaribu kila mto kabla haujauzwa, na hakuna aliyewahi kumlaumu kwa uvivu kazini.

Siku moja simu ikalia kutoka nchi jirani. Mpigaji alikuwa Bwana Severini Otaru, meneja wa hoteli kubwa ya wageni. Alikuwa ameununua mto mmoja wa Tunu kwenye maonyesho ya biashara.

"Mama Tunu," akasema, "mke wangu ameninyang'anya ule mto. Sasa nataka mito ya vyumba vyote vya hoteli. Ila tajiri wangu hanunui kitu asichokiona mtandaoni. Fungua tovuti, tutaagiza humo humo."

Tunu akakata simu, akakaa chini juu ya gunia la sufi, akafunika mdomo kwa kanga. Vyumba vyote. Angeweza kuezeka upya. Angeweza kuwaajiri wale wajane wawili wa jirani waliokuwa wakimwomba kazi kila wiki.

"Unalia nini?" akauliza Bihawa.

"Silii, wifi. Nahesabu vyumba."

*

Tume ya Mikia ilikuwa makao makuu ya nchi, katika jengo refu lenye lifti ambayo tovuti yake ilisema ukweli. Tunu na Bihawa wakapanda ngazi. Kamishna wa Mikia, Bwana Leopodi Kasanura, aliwapokea akiwa ameketi nyuma ya meza pana kiasi cha kukata tamaa.

"Biashara gani?"

"Mito, mheshimiwa."

"Mito ya maji iko chini ya wizara nyingine."

"Ya kulalia, baba," akasema Bihawa. "Ya maji imekauka."

Kamishna akamtazama kwa muda, akaamua hakusikia.

Tunu akaeleza haja yake kwa adabu. Alikuwa ameuliza huku na huku kabla ya kuja, akajifunza kwamba mkia si pambo. Mteja akiusoma, huamua palepale kama ataingia dukani au atapita. "Kwa hiyo, mheshimiwa, naomba mkia wa duka. Nasikia huko duniani ipo mikia ya maduka, ya shule, ya waganga, kila mtu anachagua unaoeleza kazi yake."

"Huko duniani," akasema Kamishna, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. "Huko wanaangalia kazi ya mtu. Sisi hapa tunamwangalia mtu."

"Basi niandikie .tayari. Mito yangu iko tayari."

"Mito yako inaweza kuwa tayari, mama. Je, wewe uko tayari?" Akaegemea kiti. "Mtu wa .tayari ana jengo linaloonekana kutoka kwenye ndege. Mtu wa .tayari amekwisha kukopeshwa na kusamehewa. Mtu wa .tayari hawezi kupanda ngazi zile kuja kuniona. Mimi ndiye ninayeteremka. Wewe umepanda. Huoni kwamba umekwisha kujijibu?"

Tunu akatazama viatu vyake, vilivyokuwa na vumbi la ngazi zote zile. Aliona haya, kisha akajionea hasira kwa kuona haya.

Wakatoka na mitolaini.bado.

*

Balaa lilianza asubuhi iliyofuata.

"Haloo! Hapo ni Mito Laini Bado?"

"Ndiyo, karibu."

"Haya, ikishalainika mtupigie."

Wengine walipiga simu kumpa pole. Mzee mmoja wa mtaani akamletea Tunu ushauri wa kulainisha mito kwa kuikalia. Na si yeye tu aliyetaabika. Wagonjwa walifungua hospitalikuu.bado, wakasoma, wakaona hakuna sababu ya kutoka nyumbani. Wizara ya Afya ikatangaza kwamba maradhi yamepungua.

Kelele zilipozidi, Serikali ikatoa Waraka wa Matamshi. Kuanzia siku ile neno lile lilipaswa kutamkwa "badoo", kwa kuvuta mwisho, kama neno la kigeni lisilo na maana yoyote. Mtangazaji wa redio aliyejisahau alihamishiwa kitengo cha matangazo ya vifo. Mume wa Tunu alirudi kutoka shuleni ameshika kichwa.

"Nimewauliza wanafunzi kama wamemaliza zoezi," akasema. "Darasa zima likajibu, 'Badoo, mwalimu!' Nimeshindwa kuwaadhibu. Nitaonekana napinga waraka."

Bwana Otaru naye akapiga simu, sauti imenyong'onyea. "Mama Tunu, tajiri anauliza kwa nini anunue mito ambayo bado."

"Mwambie ni mkia tu."

"Nimemwambia. Anasema mnyama hujulikana kwa mkia. Lakini usife moyo. Weka picha nzuri, mtu aone kazi yenyewe. Akiiona atalegea."

Wakapiga picha. Tunu akaipanga mito kwa ukubwa, foronya zimepigwa pasi. Picha ya mwisho ilikuwa ya Bihawa, ambaye alitakiwa ajifanye amelala, lakini Bihawa hakujua kujifanya. Akapigwa picha akiwa amelala kwelikweli, mdomo wazi, kanga yake imeenea kifuani na maandishi yake yakisomeka vizuri: WIVU WAKO HAUNIZUII KULALA.

Picha zikawekwa. Tunu akangoja oda. Akanunua sufi kwa mkopo ili asikutwe mikono mitupu. Akawaambia wale wajane wawili wakae tayari, kisha akajirudi, akawaambia wakae karibu.

Oda haikuja. Simu za Bwana Otaru nazo zikakatika.

*

Alikuja mwenyewe, mvua za vuli zilipokuwa zinaisha. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye suti ya kazi, na siku ile upole aliuacha kwenye gari. Aliingia katika kibanda walimokuwa wakishona Tunu na Bihawa, pasipo kubisha hodi, akautupa mto chini.

"Mama, nilikuamini!"

Tunu akautazama ule mto kama mtu anayeonyeshwa mtoto akaambiwa ni wake. Mshono ulikuwa wa mashine, umepinda. Akauokota, akaubonyeza. Ulitoa mlio.

"Huu sikuushona mimi."

"Jina lako hili hapa! Mito Laini! Wageni wangu wanapiga chafya usiku kucha. Bibi mmoja amevimba jicho, ametuma picha kwa mawakili. Ninachoshukuru ni kimoja tu: tangu mito hii ifike, hoteli nzima haina mbu."

Tunu akachukua mkasi, akaupasua. Ndani mlikuwa na vyandarua, vimekatwakatwa vipande vidogo vidogo, vya buluu, bado vinanuka dawa. Tunu na Bihawa walivijua. Vilikuwa vyandarua vya msaada, vilivyoletwa kwa meli ili wagawiwe wajawazito wa nchi ile. Tunu mwenyewe alikumbuka jinsi walivyopanga foleni zahanati siku nzima, wakaambiwa vimekwisha.

"Mito hii umeiagiza wapi?" akauliza Tunu.

Bwana Otaru akamwonyesha simu yake. Pale juu paliandikwa mitolaini.tayari. Mito ilikuwa ile ile ya Tunu, imepangwa kwa ukubwa, foronya zimepigwa pasi. Na katikati ya ukurasa, mdomo wazi, alikuwa Bihawa.

"Huyu mimi!" akapiga kelele Bihawa. "Yarabi! Nimeibwa usingizini!"

Bwana Otaru akamtazama Bihawa, akaitazama simu, akamtazama tena Bihawa, hasa kanga. Kisha akaketi polepole kwenye gunia.

"Tajiri aliona jina ni moja," akasema, "na mkia huu unapendeza zaidi. Akafikiri mmepandishwa cheo."

*

Wakaenda wote watatu hadi Tume ya Mikia. Walimkuta Kamishna akinywa chai na kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Huyu alikuwa mpwa wa Waziri wa Mikia. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini lilikuwa limepotea kwa kutotumika. Nchi nzima ilimwita Mpwa, na yeye mwenyewe alitia saini hivyo. Kugawa vile vyandarua ilikuwa zabuni yake. Mitolaini.tayari ilikuwa yake pia.

Tunu akaeleza. Hakupaza sauti, ila mikono yake, iliyozoea kushindilia, ilikuwa ikishindilia hewa.

"Mama," akasema Kamishna, "tuende kisheria. Kilicho kabla ya nukta ni chako. Kilicho baada ya nukta ni cha Serikali. Mitolaini.bado na mitolaini.tayari ni vitu viwili tofauti kabisa. Mfano: chakula bado na chakula tayari, ni chakula kimoja?"

"Ni kimoja, mheshimiwa. Tofauti ni nani amepika na nani amekula."

Chai ikampalia Kamishna. Mpwa akampigapiga mgongoni.

"Shangazi," Mpwa akamwambia Tunu kwa upole mkubwa, "mbona unakasirika? Nimekutangaza bure. Jina lako sasa linajulikana nje ya nchi."

"Na mimi?" akauliza Bihawa. "Picha yangu?"

"Na wewe umetoka vizuri."

Kamishna akafuta mdomo, akatoa hukumu: hakuna aliyeibiwa, kwa kuwa mwenye .bado hajawa na kitu cha kuibiwa. Aliyekuwa nacho ni mwenye .tayari, na huyo hajalalamika.

Wakateremka ngazi zote. Chini kabisa Tunu akasimama, akashika ukuta. "Sufi nimeikopa kwa mwenye shamba," akasema. "Na wale wajane. Nitawaambia nini?"

"Usiwaambie lolote," akasema Bwana Otaru. "Niachie mimi. Mkia ninausoma vibaya, lakini mdomo ninao."

Akarudi kwao, akaenda moja kwa moja kwenye chama cha wenye hoteli, akapasua mto mezani. Wenye hoteli wakatazama vyandarua, wakatazamana. Mmoja akakumbuka asali aliyoiagiza kwa .tayari, iliyogeuka sukari. Mwingine alikuwa amenunua vikapu vya .tayari vilivyotengenezwa kiwandani ng'ambo. Kabla chai haijapoa likapatikana azimio: ukinunua kitu kutoka nchi ile, soma mkia. Ukiwa .tayari, kimbia. Ukiwa .bado, hapo pana mtu anafanya kazi.

*

Basi neno lililochekwa likageuka dhahabu. Oda zikamiminika Milembwe. Mjane wa kwanza akaajiriwa, na wa pili, na binti wa wa pili. Mwalimu akawa anarudi kutoka shuleni moja kwa moja kuchambua sufi, na alionekana mtaani na nywele nyeupe kabla ya umri. Tunu aliezeka. Siku ile ya kwanza mvua ilipopiga juu ya bati jipya, alilala akiwa macho ili aisikie.

Na .tayari, ambayo wakubwa walikuwa wameilipia, ikawa kama chumvi iliyolowa. Hakuna mgeni aliyeagiza kwao hata kijiko.

Jambo hilo lingeweza kuwapa wakubwa funzo. Wao likawapa wazo.

Wananchi wakaitwa uwanja wa mpira. Waziri wa Mikia, Mheshimiwa Daktari Tambarare, akapanda jukwaani katika suti nyeupe, akasubiri makofi, akayasaidia kwa mkono.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza, usiku na mchana, hasa mchana: kwa nini viongozi wenu wawe .tayari, na ninyi mbaki nyuma mkiwa .bado? Huu ni ubaguzi! Mimi ubaguzi siuwezi! Kuanzia leo, kwa upendo wa Serikali yenu, wananchi wote mmepandishwa kuwa .tayari! Na sisi viongozi, kwa unyenyekevu, tumekubali kubeba mzigo wa .bado!"

Uwanja ukawa kimya. Mshereheshaji, mtu wa kazi yake, akaona ukimya ule utamponza. Akanyakua kipaza sauti.

"Wananchi, tuwajue viongozi wetu kwa mikia yao mipya! Mimi nikitaja, ninyi mnamalizia! Waziri wa Fedha, nukta…?"

"Bado!" wakaitika watu wachache.

"Waziri wetu mpendwa, Daktari Tambarare, nukta…?"

"Bado!"

Mchezo ukawanogea watu. Sauti ikatokea upande wa wauza karanga: "Wameshiba?" Uwanja mzima ukaitika, "Bado!" Mwingine: "Watatuachia?" "Bado!" Watu waliokuwa hawajacheka tangu mkia ulipofika uwanja wa ndege wakacheka mpaka wakashikana mabega. Waziri, ambaye kwa mbali alisikia jina lake na mngurumo tu, akatabasamu na kupunga mikono yote miwili.

Tunu hakucheka. Alikuwa akisoma tangazo lililobandikwa kwenye nguzo. Mitolaini.bado alipewa Mpwa. Yeye alipewa mitolaini.tayari, pamoja na malalamiko yake yote, likiwamo jicho la yule bibi.

Zawadi nyingine zilifuata. Mtu aliye .tayari, walisema watoza kodi, hulipa palepale. Hospitali zilipoomba dawa ziliambiwa ziko tayari, zinaomba nini tena? Mwalimu alikwenda kuulizia malimbikizo ya mshahara wake, akaambiwa aangalie mishahara.tayari: maana yake umekwisha kulipwa.

*

"Sajili huku kwetu," akasema Bwana Otaru kwenye simu. "Sisi tuna mkia unaitwa .duka. Hawakuulizi mjomba wako nani. Wanakuuliza unauza nini, unasema, basi."

Tunu alikuwa mtu aliyesimama wima wimbo wa taifa ulipopigwa, hata ukipigwa redioni naye yuko jikoni.

"Kwa hiyo nitakuwa mgeni?"

"Mito ndiyo itakuwa ugenini, mama. Wewe utakuwa hapo hapo Milembwe."

Alimtazama Bihawa. Bihawa alikuwa akitoa maharagwe mabovu kwenye ungo, hakuinua uso. "Tangu lini," akasema, "mtu akamwuliza ng'ombe wake ruhusa ya kuuza maziwa?"

"Ndiyo nini hiyo, wifi?"

"Sijui. Sajili."

Ikawa mitolaini.duka, na picha mpya ya Bihawa, safari hii akiwa macho na amekunja uso, ili asiibike. Oda ya Bwana Otaru ikaja: vyumba vyote, kama alivyosema siku ya kwanza. Ikabaki kuivusha.

Wakakodi lori, wakalipakia mpaka likawa kama mkate ulioumuka, wakaondoka asubuhi. Mpakani palikuwa na kizuizi cha chuma, kibanda, na mkuu wa kituo, Afande Gwandumi, mwenye sare iliyopigwa pasi na macho mekundu ya mtu anayefanya zamu mbili kwa mshahara mmoja usiofika. Askari wake watatu walisimama nyuma yake kwa mpangilio wa vyeo.

"Mzigo gani?"

"Mito, afande."

"Mkia wake?"

Tunu alikuwa ameandaa uongo njiani, lakini ulipohitajika haukutoka. "Ni .duka, afande."

"Mkia wa nje!" Afande Gwandumi akapiga buti chini. "Mama, unajua kosa lako? Bidhaa ya hapa yenye mkia wa nje ni bidhaa iliyokimbia nchi. Mzigo huu unataifishwa. Shusha wote!"

Tunu akaona sufi yote ile, mikono ya wajane, bati ambalo deni lake lilikuwa halijaisha. Akafungua mdomo aombe, Bihawa akamtangulia.

"Sawa, afande, tunashusha. Lakini utaandika nini? Ukiandika mito, watakuuliza mito ya aina gani. Ukikosea aina, ni juu yako. Jaribu mmoja kwanza, uandike kwa uhakika."

Afande akafikiri. Hoja ilikuwa ya kiofisi. Akaupokea mto, akaubonyeza kwa kidole. Kidole kikazama. Akaubonyeza kwa kiganja, akaunusa. Haukunuka chochote, na hilo lilimshangaza zaidi. Akauweka juu ya meza ya kibandani, akainamisha kichwa cha kiserikali, sikio kwanza, kama mtu anayesikiliza taarifa.

"Ni… wa aina ya…" akasema.

Aina haikutajwa.

Askari watatu wakangoja. Nzi akatua kwenye cheo cha afande begani, akaondoka. Mkoromo wa kwanza ulipotoka, askari wakatazamana kwa hofu, kwa kuwa kanuni za kituo zilikuwa wazi: mdogo hamwamshi mkubwa, na mzigo hauguswi pasipo amri ya mkubwa. Hakukuwa na kanuni iliyozungumzia kinachotokea mkubwa akiwa amelala. Wakafanya jambo pekee walilolijua. Wakasimama wima, wakatazama mbele.

Bihawa akakiendea kizuizi cha chuma, akakishika kwa mikono miwili, akakiinua. Dereva akawasha gari taratibu, kwa adabu, kama anayepita msibani. Lori likavuka na mito yake yote, isipokuwa mmoja.

"Wifi, njoo!" akanong'ona Bihawa kwa nguvu. "Unangoja nini?"

Tunu alikuwa amegeuka. Kupitia dirisha la kibanda alimwona yule mtu, kofia imeanguka, shingo imekunjika vibaya pembeni ya mto. Ataamka na maumivu siku mbili nzima. Akarudi, akapita katikati ya askari waliokuwa hawapepesi macho, akauvuta mto taratibu mpaka ukakaa chini ya shingo panapostahili, akaugonga kidogo upande wa kushoto ili usawazike.

Afande Gwandumi akahema, akajipanga. Kisha Tunu akashika pindo la kanga, akakimbilia lori.